Kadi ya Manjano na Koti la Ulaya

Nyumba za reli, Tororo
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Baba yangu mpenzi, Mwalimu,

Shikamoo, Baba. Naamini barua hii itakukuta barazani kwenye kiti chako cha kamba, miwani imeteremka puani, na Mama nyuma yako akikuhimiza usome kwa sauti. Msomee, ila ukifika katikati najua utapunguza sauti mwenyewe. Goti lake linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia anaitumia, au kaiweka kabatini kwa ajili ya wageni? Na kikohozi chako je? Usinijibu "si kitu". Kila mwaka unanijibu "si kitu" na kila mwaka unakohoa.

Mimi ni mzima. Mume wangu Ochwo ni mzima, bado karani pale stesheni, bado anapiga pasi suruali yake mwenyewe kwa kuwa haniamini.

Telegramu yako niliipata Jumatano. USIGHAIRI PANDA NDEGE BABA. Karani wa posta aliisoma kwanza yeye, akanitazama kwa huruma. Nimekaa nayo siku nne, Baba, na jibu langu ni hili: sitapanda. Ijumaa ndege itaondoka Entebbe na mimi nitakuwa huku. Najua ulisimama kanisani ukawatangazia wote kwamba Rebeka wako anakwenda Uingereza kusomea uuguzi mwaka mzima. Najua waliomba wakishika mabega ya Mama. Ndiyo maana naandika kwa kirefu, upate kuelewa kabla ya kukasirika.

Nianze na lile nililolificha. Katika barua yangu ya kwanza nilikwambia ndui imeingia huku, watu wanaogopa, nami nasita kusafiri. Hayo ni kweli. Sikukwambia kwamba imeingia nyumbani kwetu, na kwamba aliyeifungulia mlango ni mimi.

Unajua kwamba tangu ugonjwa uzuke nimetolewa zahanati nikapelekwa Busia mpakani, kwenye kibanda cha mabati upande wa Uganda. Anayetaka kuvuka huonyesha kadi yenye mhuri. Asiye nayo namchanja pale pale. Natumia kichuma kidogo cha duara, nakizungusha juu ya ngozi mara moja, basi. Haiumi sana. Shida huja baadaye: panatoka kidonda, bega linavimba, na kwa siku kadhaa mtu hashiki jembe wala habebi kapu. Sasa wanawake wa huku wanaishi kwa kuvuka. Asubuhi wanapeleka muhogo Kenya, jioni wanarudi na sabuni. Nani ana wiki ya kukaa na mkono uliovimba? Basi wakajitafutia njia yao. Mmoja anachanjwa, na kadi yake inavusha watano. Wanaazimana kadi kama wanavyoazimana ungo, kwa kuwa askari wa kizuizi hasomi jina, anatazama mhuri tu.

Mimi niliwaona. Niliona kadi moja yenye doa la mafuta ikivuka asubuhi na mama mnene, ikavuka tena mchana na mama mwembamba. Nilicheka, Baba. Nilidhani ni ujanja tu wa mpakani.

Sasa unakumbuka kile kitambaa cha sufu ulichonitumia kwa treni, kizito kama blanketi, cha kushonea koti la baridi ya Ulaya? Nilikipeleka kwa fundi hodari aliye Busia upande wa Kenya. Koti likawa tayari, nami kibandani sipati hata nafasi ya kunywa chai. Nikamwomba wifi yangu Adikini anichukulie. Adikini ni dada yake Ochwo, anaishi Mukuju na mama yao na binti yake mdogo, Athieno. Hakuna mtu katika ukoo huu aliyenipokea kama yeye. Nilipofika hapa nikiwa sijui hata neno moja la Kidhopadhola, lugha yao, ndiye aliyenifundisha kusonga ugali wa wimbi, akinicheka mpaka anakaa chini.

Nikamwambia kwanza nimchanje. Akarudisha mkono nyuma.

"Rebeka, mimi sasa napalilia. Mkono hii ikivimba nalima na nini? Na mdomo?"

"Utavukaje bila kadi?"

"Si wewe iko na kadi? Ile ya Ulaya, ya manjano."

Nikampa. Sikufikiri hata kwa muda wa kuvaa kiatu. Ile kadi ya kusafiria, yenye jina langu na sahihi ya daktari, nikaitoa kwenye mkoba nikampa mtu ambaye hajachanjwa, mimi mwenyewe mchanjaji. Jioni alirudi kavaa koti lako, jasho linamtoka, anatembea kama mke wa waziri. Alisema askari alipoona kadi ya manjano alimpisha bila neno. Tulicheka sana siku ile. Njiani alikuwa amepita kumsalimu rafiki yake mmoja mfanyabiashara, akambeba mtoto wake aliyekuwa na homa. Homa tu, walisema. Yule mtoto alikufa, Baba. Tulipata habari baadaye.

Koti alibaki nalo ili alipigie pasi. Wiki mbili hazijatimia akaanza kutetemeka, na kwa kuwa ndilo vazi zito kuliko yote nyumbani, akajifunika nalo. Nilipoitwa Mukuju nikamkuta amelala chini ya koti langu. Nikalifunua, nikaona uso wake.

Siku hiyo hiyo niliwachanja Athieno na majirani wote waliokubali. Adikini tulimtenga kwenye kibanda nyuma ya shamba la muhogo. Wanaoingia ni wawili tu: mimi, na mama mkwe aliyeugua ndui utotoni na uso wake una alama mpaka leo. Mama yule haogopi kitu. Anamwosha mwanawe, anamnywesha uji kwa kijiko, anamtukana kwa mapenzi mchana kutwa. Zilikuwepo siku mbili ambazo Adikini hakunijua. Nilikaa naye nikasema Zaburi zote ulizonifundisha, na zilipokwisha nikaanza upya. Baba, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Ila hata hayo siyo yaliyonizuia. Homa imeshuka, vipele vimeanza kukauka. Na Alhamisi nilikwenda kwa daktari wetu nikamweleza habari ya kadi yote, bila kupunguza. Alizungusha kalamu mezani. Mwishowe akasema, "Ningeweza kukufukuza leo. Nikikufukuza, kesho atachanja nani?" Akanitazama jicho, akanitazama bega. Akasema chanjo yangu imeshika vizuri, mwilini sina kitu, cheti changu ni halali, kusafiri naweza. Kwa hiyo usidhani nimezuiwa. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Lililonizuia lilitokea jana, siku ya soko Mukuju.

Tuliweka meza pembeni ya soko tangu asubuhi, mimi na mama mkwe aliyekuja kunisaidia kuita watu. Hakuja mtu. Wiki iliyotangulia walikuwa wanasukumana; jana walikuwa wanapita mbali kana kwamba meza inanuka. Nikamuuliza muuza tumbaku mmoja, mzee mwenye sauti kubwa anayenijua tangu niolewe, kuna nini.

Akasema, "Adikini alikuwa na kadi. Askari aliona, watu wote wa njia waliona. Mbona amegonjwa? Dawa yako hapana kazi, mama. Wewe nachana watu bure."

Kumbe hata vijiji vya jirani, huko Mella, huko Malaba, habari ndiyo hiyo: mwenye kadi kaugua, basi chanjo ni uongo. Uongo wangu mdogo wa kuchukulia koti ulikuwa umekula kazi ya miezi mitatu. Na watoto walikuwa wamejaa pale sokoni, Baba, wamebebwa migongoni, mabega yao hayana alama.

Nikapanda juu ya sanduku la dawa. Nikaitoa kadi ya manjano nikampa katekista anayejua kusoma, nikamwomba aisome kwa sauti. Akasoma jina langu. Nikasema, "Kadi hii ni yangu. Nilimwazima wifi yangu avuke nayo, kwa sababu ya koti langu. Yeye hakuchanjwa. Kosa ni langu, dawa haina kosa." Nikafunua bega waone kovu, mimi mke wa karani, katikati ya soko.

Wakaguna. Mmoja akasema nadanganya nipate kumwokoa daktari. Hapo mama mkwe akasogea, na ule uso wake, watu wakampisha.

"Mimi nasafisha Adikini kila siku. Hii mkono nimeosha, na hii nimeosha. Alama ya chanjo hapana. Nani hapa nataka uso kama yangu?"

Muuza tumbaku akakuna kidevu, akaniuliza swali moja tu.

"Sawa. Lakini tunasikia wewe Ijumaa nakwenda Ulaya. Leo nachana sisi, kesho kidonda naoza, wewe iko juu kwa ndege. Nani natazama mkono yetu?"

Lilikuwa swali la haki. Aliyechanjwa leo lazima atazamwe baada ya wiki, chanjo imeshika au haikushika. Na nani angewatazama? Mchanjaji mwingine aliye karibu yuko Mbale.

Nikasema, "Siendi."

Neno lilitoka hivyo, peke yake, kabla sijakwambia wewe wala Ochwo. Niliposikia nimelisema niliona ni sawa, na mpaka sasa sijaona vinginevyo. Yule mzee akaniangalia, akavua shati, akakaa kitini. Tulichanja mpaka dawa ikaisha.

Nilipofika nyumbani Ochwo alikuwa tayari ana habari. Watu wa soko wana mbio kuliko treni zake. Alikuwa ameketi karibu na lile sanduku la bati alilolipaka rangi upya kwa ajili yangu, akaandika na jina langu kwa herufi kubwa.

"Nimesikia huendi," akasema. "Ningefurahi kama ningesikia kutoka kwako."

Nikamwomba msamaha. Akalibeba sanduku akaliweka chini ya kitanda. Aliporudi akaniuliza kama nimekula. Ndivyo alivyo.

Sitakudanganya kwamba siumii. Nimelia, Baba, leo asubuhi kabla ya kanisa nimelia sana. Nilitaka kuona ile hospitali kubwa, nilitaka kuona theluji, nilitaka uje kunipokea stesheni ya Mombasa nimevaa koti. Nafasi yangu watapewa wengine, na kama itakuja nyingine sijui. Lakini sibadilishi. Usinitumie telegramu ya pili. Utamtesa karani wa posta bure.

Na lile koti, ndilo linaloniuma kukwambia. Ilibidi lichemshwe pamoja na matandiko ya mgonjwa, kwenye pipa, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Lilipotoka limejikunja, gumu, dogo. Mimi haliniingii hata mkono mmoja. Athieno ana miaka minne na limemkaa sawasawa, linamfika magotini, na pamoja na jua lote hili hataki kulivua. Juzi alikwenda akasimama mbali na kibanda ili mama yake amwone. Adikini akachungulia mlangoni akamtazama, halafu akaniambia, "Basi, yeye ndiyo nakwenda Ulaya. Mimi na uso hii nakwenda wapi?" Akacheka, Baba. Ni mara ya kwanza amecheka tangu augue.

Nina ombi moja. Najua utatafuta namna ya kuwaeleza watu wa kanisa bila aibu. Utasema serikali imeahirisha, au ndege imeharibika. Usifanye hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha darasa la pili. Unakumbuka ulipokuwa unaita majina, nikaitikia "nipo" kwa niaba ya rafiki yangu aliyekuwa mtoni? Ulituchapa wote wawili, yeye kwa kutokuwepo na mimi kwa sauti yangu. Nilikuchukia wiki nzima. Nilipompa Adikini kadi yangu nilifanya lile lile, na nilikuwa nimesahau fimbo yako. Basi simama pale pale ulipotangaza, uwaambie yote, ya kadi na ya soko.

Nisalimie Mama na umwambie mwanawe hajakonda. Msalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, na mtoto wao mchanga ambaye sijamwona. Wamchanje, naomba sana, na kadi yake asiazime mtu. Msalimie shangazi aliyenifumia soksi za sufu. Zimesalimika, na mama mkwe anazivaa. Msalimie mjomba aliyekitafuta kile kitambaa bandarini, umwambie kimemfaa mtu. Ochwo anakuamkia kwa heshima, na mama mkwe anasema anataka kumwona huyo mwalimu mwenye fimbo.

Ijumaa kule Entebbe watasoma majina ya wasafiri, na langu likiitwa hataitika mtu. Jumamosi nitakuwa Mukuju, meza ile ile, wale watu watarudi nitazame mabega yao. Watauliza kama yule mama wa chanjo yupo.

Nipo, Baba.

Ni mimi binti yako,
Rebeka