Vitabu vya Noeli Visivyochafuka

Mutsamudu, Jumatano, 23 Desemba 1970, baada ya alasiri

Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa tano, na sasa jua linapiga mawe mpaka vichochoro vinatoa mvuke. Nimekaa ghorofani kwa Bweni Zahara (bweni huku ni kama kusema bibi), miguu nimeinyoosha mkekani, nimejifunga shiromani nyekundu, shuka ya wanawake wa kisiwa hiki, isiyo yangu, na pembeni nina sahani ya embe zilizomenywa.

Nimeshinda.

Mama, Mungu amrehemu, alinifundisha kwamba mtu akishinda hunyamaza. Lakini mama alikuwa Mngazija wa Unguja mwenye adabu zake, nami leo adabu nimeziacha Moroni pamoja na nguo zangu. Daftari hili ndilo pahala pekee ninapozungumza Kiswahili siku hizi. Miaka sita tangu nije nchi ya wazee wangu, na bado wenzangu ofisini wanacheka Kingazija changu, wanasema nakiongea kama naimba taarabu. Basi leo naimba kweli. Nimeshinda!

Nianze mwanzo, nisije nikasoma haya uzeeni nikajiona mwenda wazimu.

Kazi yangu Moroni ni kupiga chapa barua katika ofisi ya elimu. Kila Novemba hufika makasha ya vitabu kutoka Ufaransa, zawadi za Noeli kwa watoto wa skuli. Watoto wenyewe ni Waislamu na Idd yao imepita juzi juzi tu, ila serikali ni ya Wafaransa na Noeli ni yao, na mtoto akipewa zawadi haulizi imetoka katika sikukuu ya nani. Kazi ya kuchagua kitabu gani kiende wapi iliniangukia mimi kwa sababu wengine wote waliona uvivu kuvifungua. Sijawahi kumwambia mtu, lakini katika ofisi ile nzima, hicho ndicho kitu pekee ninachokipenda.

Mwaka huu Mkaguzi wetu aliniita akaniambia Mutsamudu haipati vitabu. Itapata biskuti na mipira.

Nilidhani anatania. Mkaguzi hatanii. Mwezi wa Juni alipita huku, akaingia nyumba hii hii ya Bweni Zahara, mjane anayesomesha Kurani watoto wa kike wa mtaa, ambaye ndiye mwenye kabati la vitabu kwa kuwa maktaba hakuna. Akafungua kabati. Akavikuta vitabu kumi na viwili vya Noeli iliyopita, kila kimoja kimefungwa kitambaa cheupe, na ndani yake hakuna alama ya kidole, hakuna ukurasa uliokunjwa, hakuna hata tone la chai. Akaniambia kitabu kilichosomwa huonekana, na hivi havijaguswa. Kwa hiyo vya mwaka huu vitabaki Moroni, kwenye sherehe ya watoto wa maofisa.

Watoto wa maofisa wana vitabu mpaka chini ya vitanda. Nimeviona.

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia kwamba yeye ameona kabati, wasichana hajawaona. Akavua miwani, akaifuta, akasema sawa. Nichague kumi na viwili, twende wote, naye atawauliza mwenyewe juu ya vile vya mwaka jana. Wakijibu, sanduku linabaki. Wakishindwa, linarudi nasi Moroni.

Nilitoka pale kifua mbele. Nilipofika nyumbani nikakaa kitako, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijui kama wamesoma. Miaka mitatu nachagulia watoto vitabu, wa Mutsamudu tangu mwaka jana, na sikuwahi hata mara moja kuja kuwaona wakivisoma. Ndiyo aibu yangu, nami naiandika hapa kwa wino.

Basi nikachagua kama mtu anayechagua mchumba wa mwanawe. Nilivitandaza mkekani jioni tatu mfululizo. Kimoja kilikuwa kizuri mno, picha zake za rangi, hadithi inachekesha, lakini nguruwe amekaa mezani na kofia yake anakula supu na watoto, na moyoni nikamwona Bweni Zahara akikitoa nje kwa koleo. Nikakiweka kando. Kingine cha wasichana wakubwa kilikuwa na binti anayetoroka usiku kumfuata askari, nacho nilikisoma chote mpaka mwisho kabla ya kukikataa, nisiwe mnafiki. Badala yake nikachukua cha msichana anayesomea uuguzi katika mji wa ugenini. Cha theluji nilikishika nikakiacha mara nne. Hapa hakuna aliyeiona theluji, na mwenzangu ofisini alisema watoto hawataelewa. Mimi nikasema kwani nani amewahi kuliona zimwi, na mbona kila mtoto analijua? Theluji ikaingia sandukuni. Ikafuata nyota, wakafuata samaki, wakafuata ndugu wawili na baiskeli moja.

Juzi, uwanja wa ndege Moroni, walitupima sisi na mizigo yetu. Ndege ni ndogo. Mpimaji akaniambia sanduku na mkoba haviwezi kwenda vyote, nichague. Sikufikiri. Mkoba wa nguo ukarudi mjini na dereva, nami nikapanda na gauni nililovaa. Ndiyo maana leo nimevaa shiromani ya watu, na kusema kweli imenipendeza.

Asubuhi hii, mvua ilipokatika, wakakusanyika uani hapa chini. Msonobari hakuna, kwa hiyo skuli ilileta tawi la mvinje, wakalichomeka kwenye debe la mchanga, wakalibandika pamba za godoro. Wasichana kumi na wawili walikaa mkekani kwa safu. Wakubwa wana miaka kumi na minne, wadogo kumi. Sanduku langu lilikuwa katikati, bado limefungwa kamba.

Mkaguzi alitoa kabatini kitabu cha mwaka jana, kile cha binti wa mlinzi wa mnara wa taa, akawauliza nani alipewa hiki. Akainuka Echati, miaka kumi na mitatu, mwembamba, kashika ncha ya ushungi kwa meno. Mkaguzi akamuuliza kwa Kifaransa, polepole na kwa upole: kitabu hiki kinahusu nini?

Echati akatazama chini.

Akamuuliza wa pili juu ya kitabu chake. Naye chini. Wa tatu, vilevile. Nikasikia maji ya mvua yakidondoka kutoka kwenye paa, tone moja moja, na Mkaguzi akageuka kunitazama. Hakufurahi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa ananionea huruma. Nilitamani ardhi ipasuke, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kamba ya sanduku kama mtu anayeshika mtoto asichukuliwe.

Hapo ndipo Bweni Zahara alipokohoa. Alikuwa amekaa kizingitini na tasbihi yake, asiyejua neno la Kifaransa, lakini nyuso alizisoma.

"We mwanangu," akaniambia, "huyu bwana anawauliza nini wanangu?"

Nikamwambia. Akashangaa.

"Mtoto anaulizwa kitabu kinahusu nini? Ndiyo adabu gani hiyo? Mtoto akishakaa mbele ya mkubwa huambiwa: soma. Mwambie asome."

Sikumfasiria Mkaguzi. Nikamgeukia Echati, nikasema, "Soma."

Mwenyezi Mungu, nisaidie niandike ilivyokuwa.

Echati alikaa, akakunja miguu. Kitabu alikuwa nacho Mkaguzi, na Echati hakukiomba. Akafumba macho, akaanza kupembea mbele na nyuma, na kwa mahadhi yale yale ya chuo cha Kurani akaanza kusoma kwa Kifaransa. Akaanza na jina la kitabu. Akasoma mji kilipopigwa chapa. Akasema, ukurasa wa kwanza. Kisha akaingia kwenye hadithi, neno kwa neno, hakuruka hata koma. Ukurasa wa pili. Ukurasa wa tatu. Mkaguzi akavaa miwani upesi upesi, akafungua kitabu, akawa anafuata kwa kidole. Ukurasa wa tisa kidole kikawa kinachelewa, Echati kamtangulia.

Mkaguzi akamwashiria wa pili. Naye akafumba macho, akaanza na jina la kitabu na mji wa chapa. Wa tatu hivyo hivyo. Kumi na wawili wote wamehifadhi, kila mmoja chake, jalada kwa jalada.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Nilitaka kuisema methali hiyo kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa Kingazija na kwa Kifaransa. Nikauma ulimi.

Maana Mkaguzi si mjinga. Aliinua kichwa akasema kwamba kasuku pia huhifadhi. Akamrudia Echati, akamwambia aendelee kutoka ukurasa wa thelathini na nane. Nami nikajua kwamba sasa ndipo penyewe, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijui kama wanaelewa.

Echati akaendelea. Binti yuko juu mnarani peke yake, tufani inavuma, babake ametoka na mashua na hajarudi. Ukurasa wa thelathini na tisa. Arubaini. Mwisho wa arubaini akanyamaza ghafla, akafumbua macho.

Mkaguzi akangoja. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Umesahau."

Echati akatikisa kichwa. Akaona Kifaransa hakimtoshi, akaniambia mimi kwa lugha ya hapa, "Sikusahau. Ukurasa unaofuata babake anakufa. Leo ni sherehe ya sikukuu yao, na huyu bwana ni mgeni. Sitaki kumtia huzuni."

Nikamfasiria Mkaguzi neno kwa neno.

Akageuza ukurasa, akausoma mwenyewe kimya. Akafunga kitabu. Akakivisha kile kitambaa chake cheupe, pole pole, akijaribu kukifunga kama kilivyokuwa, na akakosea, mpaka Echati akakichukua akakifunga yeye. Halafu Mkaguzi akatoa kisu kidogo mfukoni, akainama mwenyewe, akakata kamba ya sanduku.

Nililia. Sina haja ya kujificha kwenye daftari langu.

Baadaye, watoto walipokuwa wakipigania cha theluji (ndiyo, cha theluji!), nilimuuliza Bweni Zahara kwa nini mwaka mzima kila mtoto amekaa na kitabu kimoja. Akaniona mimi ndiye nisiyeelewa. Nani anampa mtoto juzuu ya pili naye hajahifadhi ya kwanza? Wanatawadha, wanafungua kitambaa, wanasoma, wanafunga. Akishahifadhi anasikilizwa, akisikilizwa ndipo anapewa kingine. Ndivyo alivyofundishwa yeye na ndivyo alivyowafundisha.

"Na nani alikuwa awasikilize?" nikauliza.

"Mimi nakijua Kifaransa? Tulikuwa tunakungoja wewe uliyevituma."

Tangu Machi walikuwa wameshamaliza. Vitabu kumi na viwili kabatini, wasichana kumi na wawili, na kila mmoja anakitamani cha mwenziwe wala hakigusi, wananingoja mimi. Nami nilikuwa Moroni, nimekaa mbele ya mashine ya chapa, najiona mpenda vitabu.

Nikawakusanya, nikawaambia kwamba vitabu hivi si lazima vihifadhiwe. Unaweza kusoma kwa macho tu, ukimaliza ukabadilishana na mwenzio siku hiyo hiyo. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha wakatazamana kama watu waliomsikia mgeni akisema wali huliwa mbichi. Wadogo watajaribu, nadhani. Nilimwona mmoja akimpa jirani yake cha samaki na kuchukua cha nyota, wote wawili wakigeuka kutazama kama Bweni Zahara anaona. Bweni Zahara alikuwa anaona. Akatazama tasbihi yake.

Echati alichukua cha msichana anayesomea uuguzi. Akakinusa kwanza. Akaja hadi nilipokaa, akakaa chini mbele yangu kwa adabu zote, akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo siku nyingi.

"Ma, wewe ndiye unayetuchagulia. Wewe umehifadhi vingapi?"

Vitabu nilivyovipitisha mikononi havina idadi. Nikatafuta ukurasa mmoja, nikatafuta hata mistari mitatu, nikakuta nina vipande vipande tu. Nikamwambia ukweli: hata kimoja.

Hakunicheka. Alisikitika. Akaenda kabatini, akarudi na binti wa mnara wa taa katika kitambaa chake, akaniwekea mapajani kwa mikono miwili.

Sasa adhana ya magharibi haiko mbali. Mkaguzi yuko chini, namsikia akijaribu kusema asante kwa lugha ya hapa na wasichana wakimrekebisha. Mimi nimekwisha nawa mkono wa embe, nimetawadha, nimefungua kitambaa. Jina la kitabu nimeshalishika, na mji wa chapa pia. Kesho asubuhi, kabla hatujatoka kwenda Ouani kupanda ndege, Echati atakaa mbele yangu afumbe macho yake, naye atanisikiliza ukurasa wa kwanza.