Maji ya Kuoshea Tangi

Umetimia mwaka mmoja, Erupe, tangu tangi la petroli likulipukie kwenye yadi ya kutengeneza malori ya mafuta, hapa Lodwar. Mama hataki hata kusikia neno kumbukumbu, kwa hiyo ni mimi dada yako Namuria ninayekuandikia, na wengine wasome.

Ulikuwa na maneno mengi kuliko kazi, na kazi ulikuwa nayo tele. Vitanda vya chuma vya Kakuma, vingi umevichomelea wewe. Ndivyo ulivyompata mkeo Akuch: alileta kitanda kilichovunjika mguu, ukakitengeneza vibaya makusudi ili arudi. Yeye mwenyewe hutusimulia akicheka.

Tena ulikuwa na mkono wazi kupita kiasi. Ukinunua sukari Lodwar, Kakuma inafika nusu. Ukiulizwa, unasema njiani kuna watu.

Siku ile ilikuwa hivyohivyo. Mwenye yadi alikuwa ameleta lori la maji ili tangi lioshwe kabla hujalichomelea. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na akina mama walikuwa wamesimama kwenye ua na jerikeni zao. Waliokuwepo wanasema uliwaita kwa salamu ya kwetu, "Ejok, mama. Leta jerikeni." Mwenye yadi akauliza, na tangi? Ukamjibu, "Hii maji nioshee chuma, na watu iko na kiu? Hapana. Wacha mfuniko wazi, jua itakausha." Akacheka, akakubali. Hakukuwa na sheria ya kumtia hofu.

Sisi tuliokulia nawe Namoruputh tunakuelewa. Kwetu maji hayamwagwi. Na kitu kikianikwa juani kinakauka, kinakuwa salama: ngozi, nyama, samaki. Kumbe petroli haiko hivyo. Ile kidogo iliyobaki chini iligeuka mvuke kwa joto, ukajaa tangi zima bila kuonekana. Cheche moja ikatosha. Tuna hasira, Erupe, na hatujui tuipeleke wapi, maana ulikufa kwa wema wako.

Baada ya mazishi walikuja wakubwa wa serikali kutoka Nairobi. Walisema kuanzia sasa kutakuwa na kanuni: tangi lioshwe, hewa ya ndani ipimwe kwa kifaa, na mtu asiwashe moto bila kibali cha mkaguzi. Tuliwaamini. Wakagongelea getini bango la Kiingereza. Jua limeshakula maandishi yake. Mkaguzi hatujamwona.

Wiki hii yadi imefunguliwa tena. Limeletwa tangi linalovuja, na aliyepewa kazi ya kulichomelea Jumatatu ni mdogo wako Asekon. Kiangazi kimerudi, na akina mama wameanza kusimama kwenye ua. Nilimpigia Asekon simu nikamwuliza kama tangi litaoshwa. Akanituliza: "Dada, usiogope. Maji ikikuja tutaona. Hiyo tangi iko kwa jua tangu juzi, harufu imeisha kabisa."

Tumemkataza. Anauliza watoto wake watakula nini. Mama amekaa chini mbele ya geti tangu jana. Wakubwa mnaosoma haya, leteni hicho kifaa kabla ya Jumatatu. Nanyi akina mama wenzangu wa Lodwar, kiu tunaijua, lakini maji ya yadi ile msiyapokee.

Wanaokukumbuka ni mama yako Amuria, mkeo Akuch na wanao walioko Kakuma, mimi Namuria, na Asekon, ambaye hajui kwamba tumemtaja humu.

Daima utakuwa nasi, Erupe. Ila tunakuomba, usimwite mdogo wako.