Mwiteni Mwahija

Jumanne, 1 Julai

Nimefika Kilwa Masoko na wenzangu wa Tingi. Wenzangu! Mwaka juzi mtu angeniambia nitavaa sare ya Tingi ningemwona ana homa. Nimezaliwa Kivinje, nimeolewa Kivinje, na leo nimeshuka kwenye gari la Tingi na kanga ya kijani kama kisamvu.

Tamasha linaanza Alhamisi, linaisha Sabasaba. Siku tano. Tumepewa madarasa ya shule ya msingi, watoto wako likizo. Madawati yamerundikwa ukutani, mikeka chini. Kivinje wako darasa la pili kutoka letu. Nilimsikia Mwahija anacheka kabla sijamwona. Kile kicheko chake cha puani.

Mume wangu Idd kapiga simu. Anasema mke wangu yaishe, yule ni dada yangu wa tumbo moja, mnaniweka wapi mimi. Nikamwambia nimekuja kucheza ngoma, sikuja kupigana.

Kweli sikuja kupigana.

Jumatano, 2 Julai

Sikulala vizuri. Nimejionya. Usingizi ndiyo silaha yangu, nikiupoteza kwa kumuwaza Mwahija atakuwa kanishinda ngoma haijalia.

Niandike mara moja, nisiwe narudiarudia kichwani. Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Miaka na miaka filimbi ya kina mama wa Kivinje ilikuwa mdomoni mwangu. Nikaugua kifua kikuu. Nikameza dawa nusu mwaka, nikapona. Siku daktari anasema mama umepona kabisa, nenda kacheze, nilikuwa na wifi yangu Mwahija. Alinisindikiza yeye. Alisikia kwa masikio yake.

Nikarudi mazoezini, filimbi kaishika yeye. Sawa. Mtu akiugua nafasi haikai tupu. Lakini siku ile tulipokwenda kucheza Lindi mjini, mbele ya wageni, mbele ya wakwe zangu, akaniambia: "Wifi, pumzi zako zimeisha. Tuachie wenye mapafu." Watu wakacheka. Na kwenye chai akanitengea kikombe, kwenye kishikio kimefungwa kitambaa chekundu ili mwingine asije akakosea akakinywea.

Alijua nimepona!

Toka hapo Kivinje naitwa Bi Pumzi. Muuza dagaa ananiita Bi Pumzi kwa heshima zote, anadhani ndilo jina langu.

Rosalia, kiongozi wetu wa Tingi, hakuniuliza habari za mapafu. Ni Mmakonde wa bara, kahamia Tingi kulima ufuta, hana maneno mengi. Aliniambia piga filimbi nisikie. Nikapiga. Akasema mazoezi ni Jumamosi.

Siku ya mwisho kuna mduara. Makundi mawili yatakayobaki yanaingia uwanja mmoja, ngoma zinapokezana kuanzia alasiri mpaka jua lizame. Mwenye filimbi hatoki. Akitoka, kundi lake limeshindwa.

Hicho ndicho nimekifuata. Nataka atoke. Nataka atoke anahema, watu wote wa Kivinje wakimtazama.

Alhamisi, 3 Julai

Ufunguzi. Watu wamechezea nguvu zao kama vile tamasha linaisha leo. Vijana wanaruka toka asubuhi, spika zinapiga mpaka kifua kinatetemeka, vumbi juu. Kufika adhuhuri wengine wamelala kwenye nyasi midomo wazi. Kipupwe kinawadanganya. Upepo baridi, wanasahau jua, wanasahau maji.

Mimi najua mwili wangu. Ugonjwa ulinifundisha. Alfajiri uji wa ulezi na karanga, mzito. Maji kidogokidogo, na chumvi na sukari kidogo ndani. Madafu. Sipigi kelele. Sisimami pale ninapoweza kukaa, sikai pale ninapoweza kulala. Zamu yetu ilipofika tukacheza, nikatoka, nikaingiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikalala mpaka alasiri. Wenzangu wakanicheka, wakasema bibi harusi.

Mchana akapita Frank, mshereheshaji, kijana wa Lindi, kachanganyikiwa. Kundi la Mitole limeharibikiwa gari njiani, uwanja umepoa, hajui aweke nini. Hakuniuliza mimi, alikuwa analalamika tu kwa kila mtu.

Sijui wazo lilitoka wapi. Nikamwambia: "Mwite Mwahija wa Kivinje. Huyo hata akiwa peke yake uwanja unawaka."

Akamwita. Namjua Mwahija, akisikia jina lake kwenye spika hawezi kukaa. Alitoka mbio, chakula mkononi. Akacheza mpaka Mitole wakafika! Chakula chake akakila kuku.

Nikamtazama kutoka kwenye kivuli. Nikawaza — kumbe ni rahisi hivi.

Ijumaa, 4 Julai

Frank sasa simwambii mara mbili. Kukitokea upenyo anauliza, "Mama, nimwite tena yule?" Namwambia mwite. Kaitwa kabla ya sala, kaitwa baada ya sala. Kaitwa kumsindikiza mgeni rasmi kwenye kiti. Wakaja wazungu wawili na kamera wanatafuta mama wa kuwaeleza habari za ngoma zetu. Nikawaonesha kwa kidole. Yule pale, mwenye kanga nyekundu. Anajua kuliko sisi wote.

Kawaeleza jua lote la mchana, kasimama, na viatu vya kisigino.

Jioni tumepishana bombani. Akanitazama kwa mara ya kwanza. Akatabasamu. Nami nikatabasamu. Tamu! Sijawahi kuonja kitu kitamu hivi.

Nimekula wali na samaki, nikaongeza. Nalala.

Jumamosi, 5 Julai

Tumeshinda, tumeingia mduara. Kivinje nao wameingia. Kama nilivyotaka.

Sauti yake imekwenda. Anaongea kama mtu anayekwaruza sufuria. Nimemwona anakunywa makopo ya enaji, moja juu ya jingine, halafu mikono inamtetemeka kwenye kufunga njuga. Wasichana wa Kivinje wanamwambia dada pumzika, anawakoromea. Nani apumzike, na watu wananitaka?

Mimi pumzi zangu zipo. Leo nimepiga filimbi wimbo mzima bila kukata. Nimelala mchana, nimelala tena.

Rosalia kaniuliza mbona nipo karibu sana na yule kijana wa maiki. Nikasema namsaidia kupanga. Akanitazama, akaendelea kuchambua mchele.

Jumapili, 6 Julai

Leo Ashura. Baadhi yetu wamefunga. Mimi sikufunga, nia yangu tunaijua mimi na Mungu wangu.

Mwahija kafunga. Niliwasikia wasichana wake wakimsihi asifunge, ni sunna tu, na kesho ni mduara. Akasema hajaacha Ashura toka awe mwari, hataiacha kwa sababu ya ngoma.

Frank akaja. Aliniuliza kama kawaida yake.

Nilijua kafunga. Ninaandika hapa kwa sababu hapa sina wa kumdanganya. Nilijua, na nikamwambia mwite.

Alikuja. Akacheza. Jua lilikuwa kali, upepo umetulia. Frank akamwita tena, akaja tena. Midomo ilikuwa myeupe kama imepakwa unga. Mara ya mwisho aliteleza, akashika goti moja chini, akaigeuza ikawa madoido, watu wakapiga vigelegele. Hawakuona. Mimi niliona.

Magharibi kafuturu kasimama, tende moja, kwa sababu kuna mtu alitaka kupiga naye picha.

Rosalia alikuwa kando yangu. Akaniuliza, polepole, mimi nataka kushinda au nataka yule aanguke. Nikamwambia vyote viwili. Akasema, "Alikukosea nini huyo, hata ngoma yetu uigeuze hivyo?" Nikamweleza. Habari ya Lindi, kikombe, Bi Pumzi, yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hata yeye angekasirika. Halafu akaenda kulala.

Bora angenigombeza.

Jumatatu, 7 Julai

Asubuhi. Nimeamka mwepesi. Magoti hayaumi, kifua kimefunguka. Kivinje nzima imekuja kwa malori. Nimewaona wakwe zangu, nimemwona Idd. Muuza dagaa yupo. Wote watakuwepo.

Uji nimemaliza bakuli. Mungu nisamehe, nina furaha.

Baada ya adhuhuri. Naandika haraka.

Wenzangu wametangulia uwanjani, wanazipasha ngoma moto. Nilibaki nyuma nipate utulivu. Nikiwa nafunga kanga, mlango ukasukumwa — Mwahija. Anatembea kwa kushika ukuta. Hakubisha hodi, aliketi tu kwenye mkeka wangu kama tulivyokuwa tukiketi zamani, nyumbani kwa mama yao.

Akaniambia kwa ile sauti iliyobaki kuwa Frank kamwambia. Nikasubiri matusi.

Akasema, "Kaniambia ni wewe. Kila alipoishiwa, ni wewe uliyesema mwite Mwahija. Siku zote hizi unanipa heshima, wifi."

Akasema Idd alimwambia kitambo aje aniombe radhi. Alikuwa anashindwa. Alikuwa anangoja mimi nianze, na moyoni anajua si juu yangu kuanza, lakini anangoja hivyohivyo. "Sasa umeanza wewe," akasema. "Mduara ukiisha, tushinde tushindwe, nitachukua maiki. Yale niliyoyasema Lindi nitayafuta palepale, Kivinje wote wakisikia."

Macho yamemwingia ndani. Vifundo vya miguu vimevimba, njuga hazikuweza kufungika, kazibeba begani. Akaniuliza mimi nafanyaje. Kila siku ananiona natoka nikiwa mpya, yeye miguu imekufa. Nampa siri gani yeye wifi yangu?

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa nayo tayari toka mwaka juzi, nimeyapanga vizuri, kila neno mahali pake.

Nikamwambia alale kidogo.

Akasema wataita sasa hivi. Nikamwambia bado, ngoma hazijapata moto, alale. Nikamchanganyia maji na chumvi na sukari, akanywa yote bila kupumua. Nikamweka kichwa kwenye furushi langu. Nikamkanda miguu. Sijui kwa nini nilimkanda. Ngumu kama kuni. Akasema, macho kashafumba, "Wakianza kuita niamshe, wifi. Nisipotoka wataniita mimi mvivu, sijawahi." Hakumaliza. Akalala hapohapo, kama mtoto aliyepigwa na homa.

Nimekaa hapa kando yake, daftari magotini.

Akilala, Kivinje wataingia bila filimbi. Wamekwisha. Sina hata haja ya kucheza, nitasimama tu na kanga yangu ya kijani. Na kesho atapachikwa jina, kama nilivyopachikwa mimi Bi Pumzi.

Akiamka, ataingia na miguu ile. Hafiki nusu. Ataanguka mbele ya watu wote, kama nilivyoomba kila usiku. Au hataanguka — Mwahija huyu — atacheza mpaka kitu kikatike ndani.

Na yale ya maiki? Nani atayasema, kama kalala? Nani atayasema, kama kaanguka?

Rosalia kachungulia. Kasema ngoma zimewaka, wote wananingoja mimi. Kisha akamwona. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

Akauliza nani kamwambia alale.

Nikasema mimi.

Akauliza kwa uzuri au kwa ubaya.

Nikamwambia sijui. Ni kweli. Nimejichungulia ndani, sijui.

Hakuingia. Kaondoka, nasikia ndala zake kwenye kokoto.

Sasa Frank anaita. Nasikia vizuri, spika zinaelekea huku. Kaita Tingi. Watu wamepiga kelele. Kaita Kivinje. Kelele kubwa zaidi, ile ya nyumbani. Sasa anaita jina lake. Mwahija, Mwahija wa Kivinje, mama njoo uwanjani.

Amegeuka ubavu. Hajaamka.

Kaita tena. Kina mama wameanza kumwimba jina.

Nimesimama. Nimeziokota njuga, zangu na zake, nimezikumbatia kwa mkono mmoja zisilie zikamwamsha.