Mhudumu Namba Kumi na Nne

12 Januari

Chiriku mwanangu,

Salamu nyingi kutoka karakanani. Mimi mzima, kasoro mkono wa kushoto, na nitakueleza. Wewe hujambo? Kile kikohozi kiliisha? Hii ni barua ya tatu nakuandikia. Mbili za nyuma hukujibu, nami nimejiambia labda zimepotea njiani. Najidanganya, lakini inasaidia.

Mkono ulianza kwa ganzi. Asubuhi moja nilishika patasi ikaanguka, nikaiokota, ikaanguka tena. Daktari kasema ni mishipa, na utazidi kulegea. Kazi yenyewe imepungua pia. Siku hizi gitaa la mtu likipasuka halileti kwa fundi, anaagiza jipya kwenye hilo duka lenu la mtandaoni. Sikulaumu, nakutania tu. Kidogo.

Ila lipo gitaa letu. Lile la mbao za mkangazi tuliloanza ukiwa na miaka kumi na moja, lenye doa mgongoni pale ulipoliunguza kwa chungu cha gundi ukalia kutwa nzima. Nimelimaliza. Limebaki kutiwa nyuzi, na nyuzi ulisema utatia wewe, ukaniapisha kabisa nisiguse. Basi njoo, hata siku mbili, kabla mkono huu haujakataa kabisa. Wewe utie, mimi nikushikie shingo yake. Utakuja? Sina ombi jingine.

Masikio yangu na simu hayapatani, unajua, kwa hiyo nijibu kwa barua. Ukiwa na haraka, yupo kinyozi aliyehamia mlango wa pili, mtu mwema sana, atanisomea ujumbe.

Wako,
Baba

26 Machi

Baba shikamoo,

Natumai hujambo wewe na karakana yako. Mimi sijambo, ila kazi imenibana kwelikweli. Barua zako zimefika zote. Nimezipitia harakaharaka nikaziweka pembeni ili nizijibu kwa utulivu, na huo utulivu ndio haupo.

Ngoja nikueleze tunavyofanya kazi, utanielewa. Barua ya mteja ikiingia tu, saa inaanza kuhesabu. Ndani ya saa moja lazima awe amejibiwa, na si kujibiwa ovyo: umshukuru, umpe pole kama ana shida, umweleze hatua kwa hatua, umalizie kwa kumuuliza, "Je, kuna lingine?" Saa moja ikipita, taa nyekundu inawaka juu ya meza yako na ofisi nzima inakugeukia. Aibu yake usiombe! Majina hatuandiki, kila mtu ana namba. Mimi ni kumi na nne. Na baba, wateja wananiomba! Wanaandika kabisa, "Naomba namba kumi na nne." Yote uliyonifundisha ndiyo yananibeba. Wenzangu wengine hawajui hata tofauti ya uzi wa nailoni na wa chuma.

Hayo ya nyumbani tutaongea. Huenda nikapata nafasi mwezi ujao.

Mwanao,
Chiriku

2 Aprili, saa nne na dakika tano asubuhi
Kwa Huduma kwa Wateja

Hamjambo huko dukani? Simu hii ni ya kinyozi jirani yangu, jina mtakaloliona ni la kibanda chake, lakini maneno ni yangu. Naomba nihudumiwe na namba kumi na nne.

Nina gitaa la mkangazi nililoliunda mwenyewe. Shingo yake nyembamba. Nilitie nyuzi za nailoni au za chuma?

Mteja

2 Aprili, saa nne na dakika thelathini na moja asubuhi

Mteja wetu mpendwa,

Asante kwa kutuandikia, na hongera kwa kuunda gitaa kwa mikono yako mwenyewe. Shingo ikiwa nyembamba, nyuzi za chuma zitaivuta mpaka ipinde, kwa hiyo chagua za nailoni. Anza na ule mnene, utie mmoja mmoja, na usizikaze zote siku ya kwanza. Liache gitaa lizoee kwanza. Seti moja imeondoka leo hii kuja kwako.

Je, kuna lingine?

Mhudumu namba 14

9 Aprili, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi
Kwa namba kumi na nne

Nyuzi zimefika, asante. Umeeleza vilevile ninavyoeleza mimi, hata hilo la kuliacha lizoee.

Lipo lingine. Mkono wangu wa kushoto umelegea, fundo la uzi linanishinda. Kazi hii aliahidi kuifanya binti yangu, lakini yuko mbali na ana shughuli nyingi. Unanishauri nini, nimngoje au nimpe mtu mwingine? Na mgongoni kuna doa la moto la siku nyingi. Je, litaharibu sauti?

Mteja

9 Aprili, saa tatu na dakika arobaini na tatu asubuhi

Mteja wetu mpendwa,

Pole sana kwa mkono, tunakuombea nafuu ya haraka. Doa la nje haliharibu sauti, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Kuhusu fundo, mtu yeyote aliye karibu anaweza kukusaidia, si lazima awe fundi: apitishe uzi kwenye tundu, aurudishe nyuma, auzungushe mara mbili chini yake wenyewe, kisha avute.

Tunashukuru kwa kutushirikisha habari za binti yako. Ushauri wetu ni kwamba usingoje sana, kwa kuwa gitaa likikaa muda mrefu bila nyuzi, shingo huweza kujipinda.

Je, kuna lingine?

Mhudumu namba 14

30 Juni

Baba shikamoo,

Za siku nyingi? U mzima? Mimi mzima na nina habari, kaa chini kwanza. Nimekuwa Mhudumu Bora wa nusu mwaka! Picha yangu imetundikwa mlangoni, kila anayeingia ananiona. Ungekuwepo ungejivunia.

Na unajua nimeshindaje? Kuna mteja mmoja, mzee, tunamwita Mzee Nyuzi. Huyo bwana, we acha tu! Barua kumi na moja kaandika kwa seti moja ya nyuzi, na zote anataka nijibu mimi. Leo nailoni au chuma, kesho doa, keshokutwa eti uzi wa tatu utalia vipi, na hajautia bado! Nadhani maskini hana mtu wa kuongea naye. Nikawa namjibu zote kwa upole. Meneja akayasoma mazungumzo yetu mbele ya ofisi nzima, tukacheka mpaka machozi, lakini mwisho akasema, "Huu ndio uvumilivu ninaoutaka." Basi tuzo ikawa yangu.

Likizo nilipewa mwezi wa tano nikaiahirisha, maana ukitoka kabla ya tuzo huhesabiwi. Usikasirike, baba. Na mkono unaendeleaje? Kama sikosei uliniandikia kitu kuhusu mkono.

Mwanao,
Chiriku

6 Julai, saa mbili na nusu asubuhi
Kwa namba kumi na nne

Kila mara mnaniomba nitoe maoni kuhusu huduma yenu. Leo natoa.

Nawapa tano juu ya tano. Nimehudumiwa upesi, kwa adabu na kwa ujuzi. Mara kumi na moja nimeuliza, mara kumi na moja nimejibiwa ndani ya saa moja. Kuna mtu nilimuuliza swali moja tu, tangu Januari, hajanijibu mpaka leo.

Barua yako ya tarehe thelathini nimeisoma peke yangu. Kinyozi hakuiona, niliona haya. Mmecheka, sawa. Mzee Nyuzi ni mimi. Nimetia nyuzi magitaa ya watu miaka arobaini, Chiriku, nikuulize wewe nailoni au chuma? Nilitaka kujibiwa na mwanangu. Nilipoona unajibu vizuri vile nikanogewa, nikatuma nyingine, na nyingine. Kila mara nikasema safari hii atanijua. Imeniuma. Sikufichi, imeniuma sana.

Ulinishauri nisingoje, nami sikungoja. Nyuzi alizitia kinyozi, mstari kwa mstari kama ulivyoandika. Limetoa sauti nzuri. Nimempa, ni lake.

Mnauliza kama kuna lingine. Hakuna.

Baba

6 Julai, saa mbili na dakika thelathini na nane asubuhi

Baba! Baba yangu, nisamehe. Mwambie kinyozi akusomee hii sasa hivi. Usiondoke hapo. Jibu la swali lako ni ndiyo, nakuja.

Chiriku

19 Julai

Baba shikamoo,

Barua hii naiandikia kwenye kiti cha kinyozi, ataileta kwako. Sijambo. Wewe nimeambiwa hujambo, unakula, ila mkono ndio basi tena.

Nimetuma ujumbe kila siku tangu tarehe sita. Kinyozi ameapa amekusomea wote. Nimefika jana nikakuta karakana ina kufuli na alama za meza zako zimebaki sakafuni, meza zenyewe hazipo. Kasema umehamia kwa shangazi. Njia ya kwa shangazi naijua, lakini kasema umeacha neno kwamba nisikufuate, ukinitaka utaandika. Nimelia mbele za watu wanaonyolewa, na sioni haya.

Kuna jambo sitakuficha. Ile siku ulipouliza kuhusu doa, nilisita. Haki ya Mungu nilisita, baba. Mkono ukaacha kuandika, nikahisi kama namjua huyu mtu. Nikatazama saa, zimebaki dakika saba taa iwake. Nikatuma.

Kinyozi amenipa gitaa nilishike. Nimeligeuza nikaliona doa langu. Mafundo yake ameyafunga vizuri, hakuna hata moja linaloteleza. Nikamwomba aniachie. Akanijibu kwa upole kabisa, akanipa pole kwanza, kisha akasema hapana.

Karatasi iliyobaki nimeiweka ndani ya bahasha, na stempu nimebandika. Nijibu, baba. Hata baada ya mwezi, hata miezi mitatu. Nitangoja.

Mwanao,
Chiriku