Goti la Loice

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wameingia wasichana kumi na wanne. Klabu ya voliboli itachukua wanne tu. Kumi watarudi kwao tarehe ishirini na mbili. Kazi yangu ni hiyo – kuwaangalia wiki tatu, kuandika ripoti ya kila mmoja: urefu, kuruka, mikono, roho. Halafu kocha Isaiah anachagua.

Hapa Silibwet ni baridi. Ukungu umeingia mpaka ndani ya ukumbi. Wanapasha misuli huku wakitoa mvuke mdomoni.

Wengi ni wa kawaida. Wana bidii, wana adabu, wa kawaida. Inachosha kuandika neno hilo mara nane.

Halafu Loice Chepyegon, wa Kapsoit. Miaka kumi na saba. Aliruka akagusa mita mbili na sentimita tisini na saba. Nikadhani nimesoma vibaya, nikamwambia arudie. Tatu kamili! Isaiah alitoka nje kupiga simu.

Jumatano, 6 Agosti

Atuti, mmoja wa wale kumi na wanne, ana mikono mizuri kuliko niliyokuwa nayo nikiwa seta, mpangaji wa mipira, wa timu kubwa. Mpira unatoka vidoleni bila sauti. Lakini ni mfupi. Isaiah anasema mikono inafundishwa, urefu haufundishwi. Nikabisha. Akaniuliza kama nimesahau klabu iliniacha vipi mimi.

Sijasahau. Nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Ijumaa, 8 Agosti

Heri nisingeona.

Loice anaruka kwa miguu miwili, anatua kwa mmoja. Wa kulia. Kila mara. Watu hawaoni kwa sababu wanafuata mpira. Mimi naangalia miguu.

Nilimwita stoo juu ya ukumbi, nikamwambia avue padi za magoti. Goti la kushoto limevimba – kama limevalishwa goti lingine juu yake. Kwanza alisema aliteleza shambani. Baadaye akakubali ni tangu Aprili.

Mama yake alikuwa mchumaji wa chai kwenye shamba kubwa. Mashine za kuchuma zilikuja, wakabaki wachache, yeye hakubaki. Loice akichukuliwa, klabu itamsomesha, na wadogo zake wawili watarudi shule. Alinieleza haya bila kulia, kama anajibu swali la darasani. Akavaa padi yake.

"Madam, ukiandika goti, umenifuta."

Jumamosi, 9 Agosti

Kwenye ripoti ya Loice, pale kwa majeraha, nimeandika: hakuna.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia chochote. Nilikuwa nafikiria kocha wangu wa zamani. Alijua bega langu limeharibika. Aliona, akanyamaza, akanipanga kila mechi. Nilimshukuru. Miaka miwili nilimshukuru – mpaka asubuhi niliyoshindwa kuinua mkono kuchana nywele. Sasa nikianika nguo ni mkono mmoja tu.

Na mimi nimekuwa yeye. Haikuchukua hata wiki.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemdanganya Isaiah kwamba nampeleka Loice Kericho kutafuta viatu. Tulienda kwa Clifford, mtaalamu wa viungo aliyenifanyisha mazoezi ya bega wakati ule. Alilikunja goti, akalivuta, akatutuma likapigwe picha ya ndani, akaiangalia muda mrefu.

Kano imechanika karibu nusu. Anasema miezi sita bila kuruka, mazoezi ya polepole, atapona na atacheza miaka mingi. Akiendelea hivi itakatika yote. Wakati huo hata kushuka mtoni na mtungi itakuwa shida.

Loice aliuliza swali moja tu, kama inaweza kungoja mpaka tarehe ishirini na mbili.

Clifford akamuuliza nani anamdunga sindano za kuua maumivu. Alama anaziona. Loice akageukia dirisha. Njia yote ya kurudi alilala, au alijifanya amelala.

Tulirudi bila viatu. Isaiah hakuuliza.

Jumatano, 13 Agosti

Mvua ya mawe. Hakuna mazoezi. Majani ya chai yote yametoboka. Sina la kuandika.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama Loice amekuja. Anaitwa Priscah. Mwembamba, mrefu kama binti yake, amevaa sweta ya kanisani. Ameniletea mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, na viazi vitamu, eti kwa sababu namwangalia mtoto wake vizuri.

Nilimkalisha nikamwambia yote. Kano, picha, miezi sita, sindano. Nilidhani atapiga kelele. Nilitaka apige kelele, amshike mtoto mkono, waondoke, nami nipumzike.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akafuta kibuyu kwa leso yake, ingawa kilikuwa safi.

"Mwalimu, mimi nimechuma chai miaka kumi na tisa na huu mgongo. Hakuna mtu aliandika mgongo wangu."

Kisha akaniuliza kama Loice ataweza kucheza hiyo mechi ya Alhamisi, ambayo wakubwa wa klabu watakuja kutazama.

Baba yangu alitoka ziwani kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai. Nilizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, nimekula chakula cha pesa ya chai. Mimi ni nani wa kumfundisha Priscah maana ya mwili kuisha?

Mursik yake ni tamu. Nimeshindwa kuimaliza.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeandika upya ripoti ya Loice. Mara tatu. Hii ya mwisho ni ya kweli. Nimeeleza goti lote, na chini nikaomba: mchukueni hivyo hivyo, mtibuni, mngojeni miezi sita, hamtapata mwingine kama yeye. Nimeandika kama mtu anayeomba kazi.

Jumanne, 19 Agosti

Nilimpa Isaiah ofisini. Alisoma akiwa amesimama. Hakushtuka. Hapo nikajua kwamba alikuwa anajua.

Nilimuuliza ni tangu lini. Akasema tangu mashindano ya Juni, msichana mwenyewe ndiye aliyemfuata akimlilia, na yeye alimtafutia mtu wa sindano kwa huruma. Alilitamka hilo neno huruma bila aibu. Na sidhani alikuwa anadanganya, hilo ndilo linaniua.

Nikamwambia klabu imtibu. Akasema wakubwa wananunua mchezaji, hawanunui mgonjwa. Wakisikia goti, watapita kwa jina la pili na Loice atasahauliwa kabla ya chai ya saa nne.

"Celine, wewe unataka awe mzima nyumbani. Yeye anataka awe mgonjwa hapa. Muulize."

Nilimuuliza. Ni kweli.

Ripoti yangu hakuichukua. Hata hakuichana. Aliikunja vizuri akanirudishia.

Alhamisi, 21 Agosti

Nilikuja nimejiandaa kwa ambulensi. Nilikuwa nimeongea na dereva wa shule hii tunayofanyia mazoezi, asiende mbali.

Hakuna kilichotokea.

Loice alipata pointi ishirini na mbili! Wakubwa walisimama. Mmoja alimpiga picha na simu kama mtalii. Atuti alimpa mipira mizuri ajabu, na hakuna aliyemtaja Atuti. Isaiah alinipita akaniambia polepole kwamba nimeona mwenyewe. Kweli nimeona. Kila alipotua nilijiuma ulimi.

Wenzake walipoenda kuoga yeye alibaki kwenye benchi, anafungua kamba za viatu, anazifunga, anazifungua tena. Anangoja watu waishe. Nikamsogelea nimshike.

"Usinishike, Madam. Wanaangalia."

Nikakaa kando yake tu, kama tunapiga hadithi. Tulikaa mpaka mfagiaji akafika miguuni petu.

Ijumaa, 22 Agosti

Majina yamesomwa. Loice wa kwanza. Atuti hayuko. Alinishukuru, akaniuliza arekebishe nini. Nikamwambia hakuna kitu cha kurekebisha. Sijui kama nimemtendea mema kwa kusema hivyo.

Wazazi wa wale wanne wako ofisini chini, na wakubwa, na Isaiah. Priscah amekuja na sweta ileile. Fomu ya kila msichana ina mstari wa mkaguzi: mchezaji hana jeraha. Chini yake jina langu tayari limechapwa. Za watatu nimeshaweka sahihi. Ilipofika ya nne, ya Loice, nikasema naenda kuchukua kitu stoo.

Niko stoo. Nimekaa juu ya mipira. Kama dakika kumi sasa.

Nikiweka sahihi, nitalisikia goti lile likikatika hata kama nitakuwa Kisumu. Nikikataa, wale watoto wawili hawarudi shule, na Priscah atateremka Kapsoit na sweta yake. Nimeomba. Hakuna jibu la tatu. Nimelitafuta kweli.

Isaiah ameita mara mbili. Sasa namsikia akimwambia Loice aje aniite.

Ngazi za huku ni kumi na tano. Namsikia. Mguu mmoja, kisha mwingine unavutwa kuufuata. Hakuna mtu wa kumwangalia hapo, kwa hiyo hajifichi.

Sita. Saba.

Amesimama. Anapumua.

Nane –