Maji Yetu Hayapokelewi kwa Jirani

Kaka Kiyotaka,

Nakuamkia kaka yangu, mimi mdogo wako Shinpei, nikiwa mzima wa mwili na wa ulimi, hasa ulimi. Natumai huko Osaka unaamka salama, unakula unashiba, na mchumba wako Dada Chiharu bado hajakuchoka. Bibi hajambo, ila magoti. Anasema magoti yake yameshaingia kwenye baridi na kumwacha yeye nyuma. Figili zimeanikwa upenuni, nyeupe kama miguu ya walimu, na asubuhi mvuke unapanda kutoka mferejini, maana hewa imepoa na maji ya chemchemi ni yale yale, hayajui mwezi.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Kwenye simu huwa unanikatiza. Kwenye karatasi huna la kufanya ila kusoma, na mwandiko wangu, hata ukisema ni wa kuku aliyekanyaga wino, ni kuku anayejua anakokwenda.

Habari za nyumbani nyingi ni za maji. Ulizisikia kwa simu, lakini kwa simu ulipewa mifupa, ngoja nikupe na nyama.

Unajua kwamba kuanzia mto wa juu mpaka ziwani hakuna kijana anayelijua bwawa la samaki la uani kama mimi. Sijisifu, nasema lililopo. Wewe ulisoma ukamaliza, mimi niliiacha sekondari njiani kama mtu aliyeshuka kituo si chake, lakini niulize maji. Naweza kukuambia samaki wetu, hawa koi, wameshiba au wana njaa kwa kutazama mikia tu. Wali na ukoko wa kwenye sufuria nawapa kiasi cha kumalizwa kabla sijamaliza kupiga mswaki, kwa sababu kinachobaki huoza, na kikioza samaki ndiye anayekunywa. Majani naopoa kila asubuhi. Samaki mgeni anakaa kwenye pipa wiki mbili kabla ya kuonana na wenyeji. Na ule ute wa kijani kwenye mawe siugusi. Watu huuona uchafu, kumbe ndio unaokula kinyesi cha samaki na kuyaacha maji yakiwa hai. Ukiusugua wote siku moja, umemfukuza mpishi na mfagizi wa nyumba kwa mpigo.

Haya yote nilikuambia mwezi wa nane, ulipokuja kwa siku za kuwakumbuka wahenga. Utakumbuka tulivyogombana. Mashamba yalikuwa yamevuta maji mengi, chemchemi ikapungua, bwawa letu likawa la kijani kama chai, na wewe kesho yake ulikuwa unawaleta wazazi wa Dada Chiharu waje kutuona. Ukasema bwawa linatia aibu. Nikasema samaki hawajalalamika. Ukasema nisugue mawe, nikakataa. Ndipo ukaniambia kwamba mimi niliyeishia katikati ya sekondari sina la kukufundisha kuhusu maji, wewe ambaye maji ndiyo kazi yako, unatunza bwawa la kuogelea lenye wateja mia tatu kwa siku. Nikakujibu kwamba bwawa lako lina maji, ila halina hata kiumbe kimoja kinachoishi humo kwa hiari. Bibi alicheka mpaka akamwaga chai. Wewe hukucheka.

Asubuhi ya wageni niliondoka na vijana wenzangu kufyeka majani makaburini. Niliporudi adhuhuri, kaka, bwawa lilikuwa linang'aa. Ungeweza kuhesabu kokoto. Ukaniambia chemchemi imerudi yenyewe, wahenga wametusaidia. Wageni wakafika, wakapiga picha, na mama yake Dada Chiharu akafurahi sana kuwaona koi wote sita juu ya maji wakifungua midomo, akasema wanamwamkia. Mimi nilijua koi haamkii mtu namna ile. Koi akija juu akafungua mdomo hivyo anatafuta pumzi. Nilitaka kusema, ukanikanyaga mguu chini ya meza.

Saa tisa mkapanda treni wote. Saa kumi na moja wa kwetu sita walikuwa wamelala ubavu. Na kwa kuwa maji yetu yakitoka kwetu huingia moja kwa moja bwawani kwa jirani yetu Mzee Kanbe, na yeye akapoteza tisa. Miongoni mwao yule mweusi aliyelelewa na marehemu mkewe, yule ambaye Mzee Kanbe akigonga jiwe kwa upawa anakuja mwenyewe kudai wali. Nilimkuta mzee amechuchumaa, anagonga jiwe. Samaki yuko pale pale mbele yake, tumbo juu, naye anagonga.

Sasa sikiliza. Nilijua ni mimi. Jioni ya kabla ya wageni nilitia chumvi konzi mbili bwawani, kwa ajili ya yule mwekundu aliyekuwa na vidonda, na sikwenda kumwambia Mzee Kanbe. Na sheria hapa haijaandikwa popote lakini hata mtoto anayenyonya anaijua: hutii kitu kwenye maji bila kumwambia aliye chini yako, kwa sababu maji unayoyaacha ndiyo anayoyapokea. Wa juu hututunza sisi, sisi tunamtunza wa chini, hivyo hivyo mpaka ziwani. Nikaenda kwake nikapiga paji la uso kwenye ubao wa sakafu yake, nikasema mimi ndiye. Nikaenda na nyumba tatu za chini yake. Mdomo huu unaoujua, kaka, siku ile haukuwa na mzaha hata mmoja.

Mzee Kanbe hakunitukana. Aliniambia tu kwamba nilipokuwa mdogo nilikuwa mwizi wa tikiti, na mwizi wa tikiti anaweza kukua akawa mtu, lakini wa kuharibu maji yeye hajui anakua akawa nini. Kesho yake akaweka ubao pale maji yetu yanapoingia uani kwake, akayageuza yaende mtaro wa barabarani pamoja na maji ya mvua. Upo hadi leo. Kila anayepita anauona, na anajua ni nyumba ipi ambayo maji yake hayapokelewi. Zamu ya kusafisha mfereji jina langu likarukwa, Septemba na Oktoba. Yule Goro, ambaye hajui kushika hata reki, aliniuliza mbele za watu kama nimekuja kuonja kama mfereji umekolea chumvi. Bibi anaendelea kuosha sufuria kwenye maji yale yale, lakini hakuna wa kula ukoko. Punje zinatuama chini zinachacha, naye anazitazama kama kwamba zimemkosea adabu.

Halafu ukaja msaada wako. Ulimtumia Mzee Kanbe boksi la keki za maharage kutoka Osaka, na kadi. Alinionyesha hiyo kadi. Uliandika kwa mwandiko mzuri kweli: amwie radhi mdogo wako, hakumaliza shule, anapenda kujaribu jaribu mambo asiyoyajua, na wewe kama mkubwa unabeba aibu yake. Mzee Kanbe alisema nina bahati ya kuwa na kaka. Nami nikasema ndiyo, kwa kuwa niliamini. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia kwa shukrani. Hilo usimwambie mtu.

Nimekuacha usome kwa raha mpaka hapa. Sasa kaa vizuri.

Wiki iliyopita ulimwambia Bibi akutumie nguo zako za baridi, na Bibi akanituma nizifunge. Chini kabisa ya rundo nikakuta suruali yako ya buluu, ile uliyovaa asubuhi ya wageni kabla ya kubadilisha. Magotini ina madoa mawili meupe, ya mviringo, kila moja kama kisahani. Kitambaa pale kimekufa, ukikikwaruza kinaachia nyuzi. Chumvi haifanyi hivyo. Matope hayafanyi hivyo. Nikaenda bwawani nikapiga magoti mahali ambapo mtu mwenye haraka angepiga magoti, nikatazama kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu asiyejiona mkosaji. Mawe ya upande ule hayana ute hata sasa. Kwenye kuvu la ukingoni kumebaki doa jeupe kama mfupa.

Na hapo nikakumbuka harufu. Siku ile niliporudi kutoka makaburini nilisikia harufu ya bwawa la kuogelea, nikafurahi moyoni, nikajua ni wewe umesimama karibu. Kaka, wewe hunukia hivyo siku zote. Nilivyokupenda ndivyo nilivyopofuka pua.

Ulitia klorini ya bwawa lako la kuogelea, ili wakwe zako waone kokoto.

Nilimpelekea Bibi ile suruali. Nilidhani atakaa chini. Hakukaa. Aliikunja, akasema alikuona kupitia dirisha la jikoni, umepiga magoti unamimina, ila hakujua ni kitu gani mpaka jioni. Alijua tangu jioni ile, kaka. Alinitazama nikivaa shati safi kwenda kusujudu kwa watu, akanirekebishia kola. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mgongo wangu ni mpana, na wako una harusi juu yake; mimi nimezoeleka kulaumiwa, lawama moja zaidi hainiongezei uzito. Kisha akaniuliza nitakula nini. Nilimwambia sili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu.

Nataka ujue kinachoniuma ni kipi, usije ukadhani ni ile kadi, ingawa kadi nayo haitoki akilini. Ungeniambia. Ungenivuta pembeni ukasema Shinpei, nimefanya upumbavu, nibebee mpaka harusi ipite. Ningebeba. Ningebeba huku nakucheka, ningekwenda kwa Mzee Kanbe mwenyewe nikadanganya vizuri kuliko nilivyosema kweli. Hukuniomba. Ulinichukua tu, kama mtu anavyochukua kandambili za mdogo wake mlangoni bila kutazama ni za nani.

Basi nami nina la kukiri, tofauti na lile la chumvi. Leo asubuhi nilimkuta Mzee Kanbe anajiandaa kwenda mjini. Nikamwambia nina barua ya kumpelekea kaka yangu, je, ataniwekea posta. Akasema ataiweka. Ni mtu mwenye heshima zake, hasomi barua ya mtu mwingine hata ikiwa wazi, isipokuwa mwenye barua amemwomba. Nimemaliza kuandika na sasa naenda kumwomba. Nitampa na gundi, nimwambie akimaliza kusoma ndipo aifunge.

Kwa hiyo kama bahasha imekufikia imefungwa, unajua nani ameifunga.

Msalimie sana Dada Chiharu, ambaye hana kosa, na wazazi wake. Bibi angekusalimu lakini sijamwambia naandika. Vaa nguo nzito, baridi ya Osaka ina upepo. Kifurushi kitafuata, ila suruali ya buluu imebaki kwangu.

Ni mimi mdogo wako, niliyeishia katikati ya sekondari,

Shinpei