Marehemu Anakusalimu

Shangazi mpendwa,

Kuna jambo ambalo mpaka jana sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Mama. Nitalifikia, lakini kwanza shikamoo, na goti linaendeleaje? Sisi tu wazima, pamoja na kaka yako, ambaye mwezi uliopita alikufa kwa mara ya kumi na tisa.

Usishtuke, ni kwenye filamu. Tangu tuhamie huku ugenini Baba hupewa nafasi za watu wa kufa mapema: mlinzi, dereva wa teksi, mgonjwa wa kitanda cha pembeni. Mama humwita Marehemu. Juzi alimkuta akijizoeza kufa, akamwambia Marehemu aondoke sakafuni, anataka kudeki. Baba akajibu, macho kayafumba, kwamba maiti hahamishwi bila kibali.

Lakini kazi yenyewe haifanyii mzaha. Nyuma ya karatasi ya maneno yake humwandikia kila mtu anayemwigiza maisha: ana watoto wangapi, anaogopa nini. Mlinzi alikuwa na sentensi moja tu. Baba alimwandikia kurasa mbili. Mimi humsomea maneno ya wenzake, jikoni, naye hurudia yake mpaka ulimi ukubali.

Filamu ya mlinzi ilioneshwa darasani. Wenzangu wakaiga lafudhi yake na kucheka, bila kujua ni baba yangu. Shangazi, na mimi niliiga. Niliwashinda wote, maana sauti ile naijua tangu utotoni.

Wiki iliyofuata simu ya Baba iliita akiwa anaoga, nikapokea. Watu wa filamu walimtaka Alhamisi wamjaribu kwa nafasi ya hakimu: kurasa nne, na hafi. Niliona aibu ya darasani ikirudi mara nne. Nilisema nitamwambia. Sikumwambia. Alhamisi yenyewe alipiga pasi suti yake, akisema huenda wakaita.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikamweleza yote, hata la darasani. Akaniuliza hakimu huyo alikuwa na watoto wangapi. Nikasema sijui. Akasema basi kalete kalamu.

Leo asubuhi niliwapigia simu, nikawaambia kosa ni langu. Nafasi ya hakimu imeshapata mtu. Amebaki karani wa mahakama, anayesema neno moja tu: "Simameni." Baba ameikubali nafasi hiyo. Kisha nikaenda shule, na kabla mwalimu hajaingia nikasimama mbele ya darasa nikasema yule mlinzi ni baba yangu. Nikarudi kukaa.

Mama anakusalimu. Marehemu pia, anafanya mazoezi ya neno lake.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako